Gari la Kupanda Kapepa

Kasaji, 6 Julai 2024

Kwa mume wangu Kalenga,

Nakusalimu wewe na mke mwenzangu Abigaël. Huku baridi ya Julai imetukamata, asubuhi tunaota moto mpaka jua liwe kali, lakini tunapumua. Mihogo imekauka vizuri. Mbuzi wangu mwekundu amezaa. Padri wetu amehamishwa, na huyu mpya anahubiri mpaka ugali unapoa nyumbani. Goti langu la kushoto linalalamika, la kulia bado lina adabu.

Usishangae kuona karatasi. Kwa simu, kila nikifika kwenye jambo lenyewe unaniambia mimi bibi mzaa baba yako, "Nkambo, réseau iko mubaya," eti mtandao hausikiki, nami nabaki nikiongea peke yangu. Barua haina réseau mbaya. Nimemwagiza Beya, yule dereva wa lori, akuletee hii mkononi pamoja na gari la marehemu babu yako. Wewe ulipewa jina lake, na kwa jina hilo u mume wangu, upende usipende. Mume hutumwa na mkewe.

Sasa jambo lenyewe. Dada yako Jémima ana mimba tena.

Ya mwaka jana unayajua. Alikaa kutwa nzima chini ya mlima wa Kapepa, ndani ya gari la kukodi. Tairi moja lilikuwa likizunguka na kurusha matope, na lenzake limetulia kama mgeni aliyeshiba. Mtoto alifia tumboni palepale, mimi nikiwa upande wa pili wa mlima na mikono mitupu. Nimezalisha nusu ya watu wa Kasaji, na huyo wa nyumbani kwetu sikumfikia. Sijalia tangu siku ile, kwa sababu bado nina hasira. Hasira ikiisha ndipo nitalia.

Safari hii nimempima kwa mikono yangu: ni mapacha. Nilimwambia ahamie kwangu sasa hivi, akakataa. Shule ya Shimbi ina walimu wawili tu, na mmoja ni yeye. Tumeelewana nitamfuata shule zikifungwa kwa Noeli. Wakati huo mvua itakuwa imekolea na Kapepa itateleza kama sabuni.

Nataka gari hili lipande Kapepa. Utakavyofanya ni juu yako. Ila usiniandikie kwamba haiwezekani, neno hilo nimeshalisikia kwa wengine.

Mke wako wa kwanza,
Mwadi


Kolwezi, 28 Julai 2024

Nkambo, mke wangu mpendwa,

Barua imefika, gari limefika, na Beya alikula kuku mzima kabla ya kunipa ufunguo. Sisi wazima. Abigaël anakusalimu, anasema ukija kumnyang'anya mume uje na sufuria zako. Kolwezi ni vumbi tu. Malori ya madini yanapita mbele ya garaji tangu alfajiri, na nguo zinazoanikwa nyeupe zinaanuliwa nyekundu.

Habari ya Jémima niliisoma mara mbili, kisha nikatoka nje. Sitaandika zaidi juu ya hilo. Acha niandike juu ya chuma, chuma nakiweza.

Injini ya babu ni nzima. Tatizo ni ponti, yaani ule mhimili mzito unaobeba magurudumu mawili pamoja na meno ya kuyageuza. Meno hayo ya katikati yana tabia mbaya: nguvu yote huipeleka kwenye gurudumu lenye kazi nyepesi. Lililo kwenye matope linazunguka ovyo, na lililokanyaga ardhi ngumu halipati kitu. Ndivyo ilivyokuwa kwa gari lile la kukodi. Dawa yake inaitwa blokaje. Unabonyeza kitufe, magurudumu mawili yanafungwa kuwa kitu kimoja, likienda moja na lingine halina ruhusa ya kukaa.

Halafu kuna jambo la pili. Babu, Mungu amrehemu, aliweka tairi kubwa ili gari lionekane la mkubwa. Tairi kubwa huiba nguvu. Itabidi nitafute ponti zenye meno mengine, ili injini izunguke zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu. Barabarani gari litakuwa zito na litakunywa mafuta ya mazuti zaidi, lakini mlimani litavuta.

Blokaje ya nyuma ni lazima. Ya mbele ndiyo inayonisumbua. Ukiifunga, usukani unakuwa mzito, gari linakataa kona, na dereva anayelazimisha anavunja ekseli. Kwa mtu anayejua nitaweka zote mbili. Kwa asiyejua nitaweka ya nyuma tu. Kwa hiyo niambie, nkambo: nani ataendesha?

Mumeo,
Kalenga


Kasaji, 18 Agosti 2024

Kwa mume wangu mwenye maswali,

Salamu kwako na kwa mke mwenzangu. Sufuria ninazo, na ni kubwa kuliko zake. Mtoto wa mbuzi amekufa, mama yake hajambo. Gael, mume wa Jémima, alipita hapa juzi na pikipiki yake. Amekonda kwa wasiwasi, utadhani mimba ameibeba yeye. Jémima anakula udongo wa kichuguu kwa siri na anadhani sijui.

Habari ya meno nimeielewa, usinieleze kama mtoto. Wauza makaa wa hapa, kabla ya kupakia magunia kwenye baiskeli, hubadilisha meno ya gurudumu la nyuma na kuweka makubwa. Miguu inazunguka sana, baiskeli inatambaa, watoto wanawapita wakiwacheka, lakini kilima kinapandwa. Niwekee meno ya mwuza makaa.

Na hilo la mmoja kuhangaika na mwenzake kukaa, nimeolewa na babu yako miaka mingi, silijui leo. Weka blokaje nyuma na mbele. Ningepata kitufe kama hicho zamani, ningekitumia kwake.

Dereva usimwaze. Dereva yupo, na mikono anayo.

Mkeo,
Mwadi


Kolwezi, 15 Septemba 2024

Nkambo,

Wafwako, asante kwa mihogo na asali, vyote vimefika, ila asali ilifika nusu, na masharubu ya Beya yalikuwa yanang'aa. Joto limeanza. Abigaël ameacha kuuza mikate sokoni, siku hizi anashinda nami garajini. Anajua majina ya kle zote za kufungulia boloti na anazirudisha mahali pake, jambo ambalo mimi sikuliweza maisha yangu yote.

Nimefanya kosa, kosa la watu wa hapa kwetu. Sisi wa Kolwezi, kitu kikitoka mgodini tunaamini kimebarikiwa. Niliambiwa kuna ponti ya nyuma inauzwa Fungurume, imetoka kwenye gari la mgodi, bado ina rangi ya manjano, na blokaje iko ndani. Sikuuliza zaidi. Niliileta hapa, garaji zima wakapiga makofi, nikanunua bia. Tulipokuwa karibu kuifunga Abigaël akauliza, "Na ile ya mbele, meno yayo inafanana na ya hii?"

Tukainua gari, tukageuza magurudumu kwa mkono, tukahesabu. Mbele na nyuma zinatofautiana, kidogo tu, lakini kidogo hicho kinatosha kuua gari. Ni kama wabeba machela wawili, mmoja na hatua fupi, mwingine na hatua ndefu. Wao watafika, anayeumia ni aliyelala juu. Nilifikiri nani angekuwa amelala juu, nikaona aibu ya zile bia.

Ponti ya manjano nimeirudisha. Nimesikia kuna gari lililopinduka karibu na Tenke, mwili wake umekwisha lakini ponti zote mbili ni nzima, zimetoka kiwandani pamoja, meno mafupi ya kuvuta, blokaje nyuma na mbele. Jumatatu nakwenda kuzifungua mwenyewe.

Juu ya dereva umenijibu kama mwanasiasa. Naomba tu asiwe yule ninayemwaza. Kweli masista wa maternité, ile wodi ya kuzalisha, walikufundisha kuendesha, na kweli uliendesha gari lao ukiwa kijana. Lakini mbuzi wa chifu uliyemgonga tunamkumbuka sote, na kikao cha familia kiliamua ufunguo ukae kwa baba mdogo Benoît. Nkambo, nani ataendesha?

Kalenga


Kasaji, 25 Oktoba 2024

Kalenga,

Sisi wazima. Mvua imeanza.

Uliandika unakwenda Tenke Jumatatu, Jumatatu ngapi zimepita? Nimeazima simu ya Benoît mara tatu. Kila mara anapokea mke mwenzangu, na kila mara ananiambia, "Nkambo, yeye iko ku kazi." Nikauliza, Jumapili pia? Akasema Jumapili pia. Sauti yake haikunipendeza.

Miguu ya Jémima imeanza kuvimba. Nilikwenda Shimbi na pikipiki ya Gael, nikatazama Kapepa kwa macho yangu. Mfereji wa mwaka jana bado upo katikati ya barabara, mvua mbili tatu tu na umeongezeka kina. Nilishuka, nikasimama mbele yake. Nikauambia jambo ambalo sitaliandika hapa, kwa sababu barua hii huenda ikasomwa na Mkristo.

Ikiwa umeshindwa, sema, nitafute njia nyingine. Ikiwa hujashindwa, maliza. Mimi sirudi nyuma.

Na kwa taarifa yako, mbuzi wa chifu alijiua mwenyewe. Tena macho yangu yalitibiwa mwaka jana na sasa naona mpaka sindano. Hilo halihusiani na dereva.

Mwadi


Kolwezi, 9 Novemba 2024

Nkambo mpendwa,

Tunakusalimu kwa heshima. Sisi wazima wote. Utusamehe kwa kuchelewa, kazi ilikuwa nyingi.

Gari limekwisha. Ponti za Tenke zimeingia, mbele na nyuma, na tumehesabu mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Blokaje zote mbili zinafunga na kufunguka. Tulilipeleka kwenye vilima vya udongo nje ya mji. Halikimbii, lakini halikatai.

Tafadhali msomee dereva maneno haya mpaka ayashike. Asimame kabla ya matope, si ndani yake. Aweke vitesi fupi, ile gia ya kwenda polepole kwa nguvu. Afunge blokaje ya nyuma gari likiwa limesimama na magurudumu yakiwa yamenyooka, asiifunge kamwe tairi zikizunguka. Ya mbele aiache mpaka ya nyuma ishindwe. Akiifunga, asikate kona, anyooshe usukani na avumilie. Asikanyage mazuti kama anayefukuza mwizi. Akifika juu afungue zote kabla ya kugeuka popote.

Beya ataliendesha mpaka huko. Mimi siwezi kuja, kazi ni nyingi.

Hukusema bado nani ataendesha.

Kalenga


Kasaji, 24 Novemba 2024

Kwa mume wangu, na kwa mwandishi wake,

Gari limefika. Wafwako. Nimelizunguka, nimeligusa chini, nimepaka matope nguo ya kanisani na sijali. Beya alishuka akishika magoti yaliyogongwa na usukani, akatukana: "Uyu Kalenga alifungia kiti batoto? Toka Kolwezi volan iko inanipiga ku magoti, na kiti inakatala kusogea!" Nikampa chai akapoa. Ufunguo alimkabidhi Benoît mbele yangu, kama kikao kilivyosema. Nikatazama pembeni.

Jémima anakusalimu. Tumbo limeshuka mapema kuliko ninavyopenda. Nimemwambia tena aje, amesema bado kuna mitihani ya watoto. Ukaidi huo sijui aliutoa kwa nani.

Sasa nikuulize. Tangu lini mwandiko wako umekuwa wa mviringo, wenye nukta zote mahali pake? Wewe huandika kama kuku aliyeponea kisu. Mke mwenzangu anaandika vizuri, namsifu, lakini kwa nini anaandika yeye? Na "kazi ni nyingi" umeisema mara mbili kwenye karatasi moja. Kwetu sisi wakunga kuna neno tunalowaambia wanawake wenye haya: mficha uchi hazai.

Utaniambia kwamba hata mimi kuna swali sijalijibu. Ni kweli. Basi tumefungana.

Mwadi


Kasaji, 14 Desemba 2024

Mume wangu Kalenga,

Leo salamu zisubiri.

Jumatano asubuhi Gael alifika kwangu kwa miguu, amelowa mpaka kope, pikipiki ameiacha kwenye matope. Chupa ya maji ya Jémima ilikuwa imepasuka. Beya yuko Dilolo na lori lake. Nilikwenda kwa Benoît nikanyoosha mkono, nikamwambia alete ufunguo.

Akasema, "Mama, familia ilikatala."

Nikamjibu, "Familia njo ile iko inazaa kule Shimbi. Leta."

Baba yako mdogo ni mtu wa sheria, lakini si mjinga. Alinipa ufunguo, akachukua jembe, akapanda nyuma na Gael. Nilisikia anasali.

Nilipoketi, Kalenga, miguu yangu ilifika kwenye kanyagio. Unajua urefu wangu. Kwenye gari la masista nilikuwa naweka mto nyuma na Biblia kubwa chini. Safari hii sikuweka kitu. Nilikaa kama nimepimwa na fundi wa nguo, nikaona barabara yote mbele yangu. Nikakumbuka magoti ya Beya. Nilitaka kukutukana na kukubusu, ila sikuwa na nafasi ya kufanya lolote kati ya hayo.

Kwenda tulishuka vizuri. Jémima tulimlaza kwenye godoro nyuma. Aliponiona kwenye usukani akasema, "Nkambo, ni weye? Utatuua!" Nikamwambia apumue, mengine aniachie.

Chini ya Kapepa nilisimama kabla ya matope, kama ulivyoandika. Vitesi fupi. Blokaje ya nyuma. Gari likaanza kutambaa, injini inalia, sisi tunakwenda kama mwuza makaa, na Benoît aliyeshuka na jembe lake alikuwa anatupita kwa miguu. Tukafika kwenye mfereji ule. Jémima akasema kwa sauti ndogo, "Nkambo, ni hapa." Nilijua ni hapo. Wakati huohuo tairi za nyuma zikaanza kuzunguka zote mbili bure, na gari likaanza kuteleza upande.

Niliogopa. Nakuambia wazi, niliogopa. Mguu ulitaka kukanyaga mazuti kama unavyotaka mguu wa kila mjinga. Niliuondoa. Nikasimama, nikanyoosha usukani, nikabonyeza kitufe cha pili. Usukani ukawa mgumu kama mtu ameumwagia saruji. Niliushika kwa mikono yote miwili, mikono hii iliyovuta nusu ya watoto wa Kasaji, na nikaliacha gari lifanye kazi yake. Likauma. Tairi za mbele zikapanda ukingo wa mfereji, za nyuma zikafuata, zote nne, hakuna iliyokaa.

Juu ya mlima nilifungua blokaje zote mbili. Gael alikuwa analia. Benoît alikuwa ameketi juu ya jembe. Niliwaacha wapande, tukaenda.

Walizaliwa hospitali ya Kasaji siku ileile kabla jua halijatua. Kyungu alitangulia, msichana, kwa kelele. Kabange akafuata, mvulana, naye alihitaji kupigwa makofi kidogo ndipo akakumbuka kupumua. Ni wadogo lakini wananyonya. Majina ya mapacha yanakuja nao, kwa hiyo hatukuhitaji kikao.

Nilipomaliza kuwaona nilitoka nje, nikaegemea gari lile lililojaa matope, nikalia. Nilimlilia yule wa mwaka jana. Nililia mpaka muuguzi akaja kuuliza kama kuna aliyekufa.

Sasa swali lako nimelijibu. Sema na wewe lako.

Mwadi


Kolwezi, 5 Januari 2025

Nkambo, mke wangu,

Usicheke mwandiko. Ni mkono wa kushoto, na Abigaël amekatazwa kunisaidia.

Ilikuwa Tenke. Tulikuwa tumefungua ponti ya mbele, kriki iliyoinua gari ikateleza, ponti ikashukia mkono wangu wa kulia. Vidole viwili vimekwenda, vilivyobaki havijataka kukunja. Sikukuambia kwa sababu ungesema, acha gari, tunza mkono. Ningekutii, na Kapepa ingebaki pale inatungoja. Ponti zilifungwa na Abigaël. Kila boloti ya gari lile ameikaza yeye, mimi nikiwa nimeketi juu ya ndoo natoa amri, naye ananitukana. Alipokaza ya mwisho alikaa chini ya gari muda mrefu bila kutoka. Nilidhani kuna kilichoharibika. Alikuwa anasali.

Mwenye kiti nilimjua tangu Agosti. Mtu anayeulizwa "nani" akajibu "mikono anayo" amejitaja mwenyewe. Nilimwomba Abigaël apunguze reli, akiinue, akisogeze mbele, kisha akifunge kwa boloti, ili asije mrefu yeyote akakirudisha nyuma. Yeye ana urefu wako, alikaa yeye ndipo tukapima. Kukuzuia nisingeweza, hakuna aliyewahi. Nikaona heri miguu yako ifike.

Barua yako tuliisoma pamoja. Tulipofika kwenye kitufe cha pili, Abigaël alinishika mkono huu mbaya bila kufikiri, nikapiga kelele, majirani wakaja.

Barabara ikikauka nitakuja kuwasalimu Kyungu na Kabange kwao Shimbi. Nitakuja na treni, kwa sababu mkono huu haushiki vitesi tena. Unipokee stesheni ya Kasaji wewe mwenyewe. Benoît nimeshamwandikia juu ya ufunguo. Nitakaa upande wa abiria na nitafunga mdomo mpaka juu ya Kapepa.

Kiti usimruhusu mtu akiguse. Kiko mahali pake.

Mumeo,
Kalenga